Elimu ya Biashara na Milango Yake

Kila mwaka vijana wanaokaribia kumaliza masomo ya sekondari hukaa na wazazi wao kushauriana juu ya njia ya kufuata. Anayetaka udaktari huulizwa maswali machache, kwa sababu kila mtu ajua daktari hufanya kazi gani. Anayetaka ualimu au uhandisi, hali kadhalika. Lakini kijana akisema kwamba ataka kusomea biashara, maswali huwa mengi. Baba huuliza, "Utakuwa muuza duka?" Mama naye huuliza, "Na duka lenyewe liko wapi?" Kijana aghalabu hana jibu, kwa maana neno biashara ni pana kama bahari, na aliyesimama ufuoni hawezi kuziona bandari zote zilizo ng'ambo.

Jibu la swali hilo halipatikani kwa kuhesabu vyeo peke yake, kwani vyeo huja na kupita. Lapatikana vizuri zaidi katika historia. Tukitazama nyuma, tangu masoko ya kale ya pwani hadi simu za mkononi za siku hizi, twaona kwamba mwenye elimu ya biashara amekuwa siku zote mtu aliyekabidhiwa mali ya wengine na kutakiwa aitolee hesabu. Jina la kazi yake limebadilika: wakili, karani, mhasibu, mkaguzi, meneja. Mlango wa kuingilia kazini nao umebadilika. Mara ulifunguliwa, mara ulifungwa, na mara nyingi ufunguo ulikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Lakini amana yenyewe ni ile ile. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Insha hii ni habari za hao walioshika daftari katika nchi yetu na pwani yake.

Lugha yetu yenyewe ni shahidi wa mambo ya kale. Faida, hasara, thamani, hesabu, daftari na shirika ni maneno yaliyotufikia kutoka kwa Waarabu. Rasilimali, yaani mtaji, maana yake ya asili katika Kiarabu ni kichwa cha mali. Hundi na laki yalikuja na wafanyabiashara wa Bara Hindi. Benki, cheki na risiti yalitoka kwa Waingereza. Mtu asiyeijua historia ya biashara ya nchi hii angeweza kuisoma katika maneno hayo: kwanza majahazi yaliyosukumwa na pepo za kaskazi na kusi, kisha maduka ya Wahindi, na mwisho serikali ya kikoloni pamoja na benki zake.

Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kuu la pwani hii. Pembe za ndovu na karafuu zilitoka. Nguo za pamba, shanga na nyaya za shaba ziliingia. Msafara wa kwenda bara uliweza kukaa miaka kadhaa kabla ya kurudi, na mwenye msafara aghalabu hakuwa na mali ya kutosha kununua bidhaa za kwendea. Ilimpasa akopeshwe. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, ameeleza katika habari za maisha yake, alizoziandika kwa Kiswahili, jinsi alivyokopeshwa bidhaa na Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja. Hebu msomaji aifikirie hali ile. Tajiri alikaa kisiwani. Mali yake ilikuwa mbali, huko ng'ambo ya ziwa Tanganyika, mikononi mwa mtu ambaye hangemwona kwa miaka. Kilichowaunganisha wawili hao kilikuwa daftari na ahadi.

Siku hizo hapakuwa na chuo cha biashara. Kijana wa Kihindi aliwekwa dukani kwa ndugu yake au kwa mtu wa jamii yake. Akafagia, akapima nguo, akafunga mizigo, na alipoaminiwa akaonyeshwa daftari. Mtoto wa Kiswahili naye alijifunza chuoni kwa mwalimu wa Kurani kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, na elimu hiyo iliweza kumfanya mwandishi wa barua na mikataba. Undugu ulikuwa ndio cheti, na sifa njema ndiyo dhamana. Aliyeharibu jina lake bandari moja alikuta habari zake zimemtangulia bandari nyingine.

Lakini yafaa tuiseme kweli yote. Katika madaftari hayo hayo waliandikwa pia watu. Hadi soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873, binadamu alikuwa na bei yake katika safu ya tarakimu, kama pembe na kama nguo. Hesabu zilizoandikwa kwa unadhifu hazikuifanya biashara ile kuwa ya haki. Hili ndilo somo la kwanza tulipatalo katika historia hii: daftari hukubali kila kinachoandikwa, dhamiri ni ya mwandishi.

Ulaya nako watu walijifunza biashara dukani kwa karne nyingi. Mwaka 1494 mtawa wa Kiitalia, Luca Pacioli, alichapisha huko Venice kitabu cha hisabati, na ndani yake akaeleza desturi ya wafanyabiashara wa mji ule ya kuandika kila jambo mara mbili, upande wa kupokea na upande wa kutoa. Njia hiyo ndiyo ifundishwayo hata sasa katika madarasa yetu. Shule hasa za biashara zilikuja baadaye sana. Moja ilifunguliwa Paris mwaka 1819. Huko Marekani, Joseph Wharton, mwenye viwanda vya madini, alitoa fedha za kuanzisha shule ya namna hiyo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1881, na Harvard ikafuata mwaka 1908. Si ajabu kwamba shule hizo zilizaliwa katika karne ya reli na viwanda. Kampuni zilikuwa zimekua kupita uwezo wa familia moja kuziendesha, zikahitaji watu wa mshahara ambao hawakuwa ndugu wa mwenye mali. Hapo cheti kilianza kushika mahali pa undugu.

Kwetu pia ni reli iliyoleta mabadiliko hayo. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Mwaka ule ule wa 1896 benki ya Kiingereza iliyoitwa National Bank of India ilifungua tawi dogo Mombasa. Kila kituo cha reli kilihitaji mtu wa kukata tiketi, wa kupokea mizigo na wa kuandika kilichoingia na kilichotoka. Serikali nayo ilihitaji makarani wa kuandika kodi, na benki ikahitaji wa kuandika amana. Kazi ya daftari, iliyokuwa ya maduka machache ya pwani, ikaenea nchi nzima.

Mfano wa mtu aliyeifuata reli hiyo ni Allidina Visram. Alitoka Kutch, Bara Hindi, angali mdogo, akafanya kazi chini ya mfanyabiashara Sewa Haji Paroo huko Bagamoyo. Baadaye alianza biashara yake mwenyewe, na reli ilipopita alifungua maduka kando ya njia yake na mengine mengi huko Uganda. Mtu mmoja hawezi kukaa katika maduka yote hayo. Kila duka lilikuwa na mtu aliyeaminiwa, na kila mtu huyo alikuwa na daftari lake. Allidina Visram alifariki mwaka 1916, na shule ya Mombasa iliyofunguliwa mwaka 1923 yachukua jina lake hadi leo.

Katika mambo hayo yote Mwafrika alikuwa wapi? Alikuwapo, lakini mlangoni. Ukoloni ulizipanga kazi kama ngazi ya vipago vitatu. Juu walikaa Wazungu, waliokuwa mameneja na wakuu wa idara. Katikati walikuwa Wahindi na Wagoa, makarani na wenye maduka. Chini walikuwa Waafrika, matarishi, wapagazi na vibarua, na wachache waliosoma katika shule za misheni wakapata ukarani mdogo. Hata pale Mwafrika alipofikia kazi sawa na ya Mzungu, hakulipwa sawa. Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali katika Afrika ya Mashariki, ilikubali mwaka 1948 kwamba asiye Mzungu alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu. Yaani penye shilingi 500 kwa mmoja, mwenziwe alipata 300. Ni tume nyingine, ya Lidbury, iliyopendekeza mwaka 1954 kwamba kipimo hicho cha rangi kiondolewe.

Aliyetaka kujitegemea kwa biashara yake naye alikuta vizuizi. Katika siku za ukoloni palikuwa na sheria ya kuzuia mikopo kwa Waafrika. Asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika zaidi ya kiasi kidogo kilichowekwa bila kibali, hakuweza kulidai deni lake mahakamani. Serikali ilisema kwamba sheria hiyo yamlinda Mwafrika asizame katika madeni. Matokeo yake ni kwamba mfanyabiashara wa Kiafrika aliuza alichoweza kukinunua kwa fedha taslimu tu, na mwenye kununua kwa taslimu tu hawezi kukua haraka. Soko la hisa la Nairobi lilipoanzishwa mwaka 1954, Waafrika na Wahindi hawakuruhusiwa kununua na kuuza humo mpaka uhuru ulipopatikana. Kwa hiyo kijana wa Kiafrika wa wakati huo angeweza kusoma hesabu zote za dunia. Bado elimu yake ingekuwa kama ufunguo usio na mlango.

Wako waliojenga mlango wao wenyewe. Jaramogi Oginga Odinga alisomea ualimu Makerere, akafundisha Maseno, kisha akaiacha kazi ile na kuingia katika biashara. Mwaka 1947 kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation iliandikishwa, yeye akiwa kiongozi wake. Kwa kuwa mikopo ilikuwa adimu, mtaji ulitafutwa kwa kuuza hisa kwa watu wa kawaida, mmoja mmoja, Nyanza na kwingineko ambako Wajaluo walifanya kazi. Fedha hizo zilijenga nyumba ya biashara Kisumu na kuanzisha kiwanda cha kupiga chapa Nairobi. Odinga hakuwa na cheti cha biashara. Lakini mtu aliyetoa shilingi zake, akapewa karatasi ya hisa na kurudi kwake, alitaka jambo lile lile alilotaka tajiri wa Unguja: aonyeshwe mali yake iko wapi. Katika safari hizo za kuomba na kueleza, watu wengi walijifunza kwa mara ya kwanza maana ya kampuni, hisa na faida.

Wakati huo shule nazo zilianza kuja. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mafunzo mafupi kwa wenye maduka yalitolewa katika shule ya Jeanes huko Kabete. Mwaka 1956 Chuo cha Kifalme cha Ufundi cha Nairobi kilipokea wanafunzi wake wa kwanza kutoka nchi za Afrika ya Mashariki, na biashara ilikuwa mojawapo ya masomo yake. Chuo hicho ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya safari zilizopangwa na Tom Mboya iliwachukua wanafunzi 81 kwenda kusoma Marekani. Mwaka 1961 ulikuwa wa neema kuliko yote: katika mwaka huo huo mmoja zilifunguliwa Kenya Polytechnic, Strathmore na Kianda, zote Nairobi. Kianda kilikuwa chuo cha kuwafundisha wasichana kazi za uhazili, nacho kiliwapokea wa kila rangi katika mji ambao bado uliwatenga watu kwa rangi.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, viti vilivyokuwa vimekaliwa na wageni vikaanza kuwa wazi. Benki Kuu ya Kenya iliundwa mwaka 1966. Gavana wake wa kwanza alitoka ng'ambo, lakini mwaka 1967 cheo hicho kilishikwa na Duncan Ndegwa, Mkenya aliyesoma Makerere na katika Chuo Kikuu cha St Andrews huko Scotland. Benki ya Ushirika ilianza kazi mwaka 1968, ikawa hazina ya vyama vya wakulima wa kahawa, maziwa na pareto. Mwaka 1970 serikali ilinunua sehemu kubwa ya ile benki iliyofungua tawi dogo Mombasa mwaka 1896, ikaitwa Kenya Commercial Bank. Kila chama cha ushirika kilihitaji karani wa mizani na mweka hazina. Kila shirika la serikali lilihitaji mhasibu. Kila kampuni ilitafuta Mkenya wa kumweka mahali pa mgeni aliyekuwa akiondoka. Miaka hiyo kijana mwenye shahada ya biashara aliweza kuchagua kazi kama mtu achaguavyo embe sokoni.

Hata hivyo, kiti kilicho wazi hakimtoshi mtu asiyejua kukikalia. Kwa muda mrefu wahasibu wa Kenya walifanya mitihani iliyotungwa Uingereza, juu ya sheria na kodi za Uingereza. Mwaka 1969 iliundwa bodi ya mitihani ya KASNEB, ili mhasibu wa Kenya apimwe nyumbani kwa mambo ya nyumbani. Sheria ya Wahasibu ilipitishwa mwaka 1977, na chama chao cha kitaifa, ICPAK, kikaanzishwa mwaka uliofuata. Tangu hapo uhasibu ukawa na mlango wenye bawabu: mtu huingia kwa mtihani, na mwenye kuvunja miiko aweza kutolewa.

Wanawake walikuwa na mlango wao wa pili wa kuvuka. Kwa miaka mingi msichana aliyesomea mambo ya ofisi alitazamiwa kupiga taipu barua za meneja, si kuwa meneja. Mwaka 1977 Mary Okelo alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuwa meneja wa tawi la benki ya Barclays katika Kenya. Alipokaa katika kiti hicho aliliona jambo ambalo wengi walikuwa hawalitazami. Benki ilitaka hati ya ardhi kuwa dhamana, na hati za ardhi za nchi hii karibu zote zilikuwa na majina ya wanaume. Mama aliyeuza mboga kwa miaka 20, akalipa karo na madeni yake yote, hakuwa na kitu cha kumwonyesha meneja. Mwaka 1981 Mary Okelo na wanawake wenzake walianzisha Kenya Women Finance Trust, ili wanawake wa namna hiyo wapate mikopo. Twaona hapa kwamba elimu ya biashara, ikiwa mkononi mwa mtu mwenye macho, haimfungulii mlango mwenyewe tu.

Miaka ya neema haikudumu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990 serikali ilipunguza watumishi wake, mashirika mengi ya umma yakauzwa au yakafungwa, na baadhi ya benki zikaanguka pamoja na akiba za watu. Wakati ule ule vyuo vilitoa wahitimu wengi kuliko zamani. Shahada iliyokuwa ikisubiriwa na waajiri sasa ikawa inawasubiri. Ndipo ikaonekana tofauti baina ya mtu aliyesoma ili apate kiti na mtu aliyesoma ili ajue kazi.

Katika miaka hiyo ndipo nchi yetu ilipojaribiwa na jambo ambalo kila mwanafunzi wa biashara yafaa alijue. Serikali ilikuwa na utaratibu wa kuwalipa wauzaji wa bidhaa za nje nyongeza juu ya fedha za kigeni walizoziingiza nchini. Kampuni iliyoitwa Goldenberg ilikubaliwa kulipwa asilimia 35 kwa dhahabu na almasi ilizodai kuziuza ng'ambo, ingawa Kenya ilichimba dhahabu kidogo sana, na almasi haikuchimba kabisa. Mabilioni ya shilingi za wananchi yalitoka. Karatasi za malipo hayo zilipitia katika mikono ya watu waliosoma, na wengi wao walizipitisha.

Miongoni mwa waliozipokea alikuwako karani kijana wa Benki Kuu, jina lake David Munyakei. Hakuwa mkurugenzi wala hakuwa mtu wa cheo. Kazi yake ilikuwa kuzitazama karatasi, akaona kwamba tarakimu zilizomo haziwezi kuwa za kweli. Alizifikisha nakala kwa wabunge, na mwaka 1993 habari ile ikafika Bungeni. Mwaka huo huo Munyakei alikamatwa, akashtakiwa kwa kutoa siri za serikali, na akapoteza kazi yake. Miaka 10 baadaye, mwaka 2003, serikali mpya iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Samuel Bosire, na karani yule akaitwa kutoa ushahidi juu ya yale aliyoyaona. Alifariki mwaka 2006, akiwa bado kijana na akiwa maskini.

Labda msomaji atauliza, "Basi uaminifu ulimfaa nini?" Swali hilo ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa maneno matamu. Munyakei hakurudishiwa alichokipoteza. Lakini tulinganishe. Wale walioziona karatasi zile na kunyamaza walibaki na mishahara yao, na nchi ikabaki na deni ambalo lililipwa na watu wote, pamoja na wazazi wa vijana wanaosoma ukurasa huu. Laiti makarani kumi wangekataa badala ya mmoja, asingeweza kutengwa kama alivyotengwa. Mwaminifu huangamia kwa sababu yu peke yake. Ndiyo maana wahasibu wana chama, na wakaguzi hulindwa na sheria. Elimu ya biashara isiyomfundisha mtu wakati wa kukataa kutia sahihi ni nusu ya elimu.

Mfano mwingine wa miaka hiyo una mwisho wa furaha zaidi. Equity ilianzishwa mwaka 1984 kuwa chama cha kukopesha fedha za kujengea nyumba. Ilipofika mwaka 1993 madeni yake yalikuwa makubwa kuliko mali yake, na watu wengi waliiona imekwisha. Katika miaka hiyo ya 1990 alijiunga nayo James Mwangi, mhitimu wa shahada ya biashara wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mhasibu. Yeye na wenzake waliacha kuwakimbilia matajiri wachache, wakawageukia wakulima wa chai, wachuuzi na watu wa mishahara midogo, ambao benki kubwa hazikutaka kufungua milango kwa ajili yao. Mwaka 2004 Equity ikawa benki kamili, na mwaka 2006 hisa zake zikaingia katika soko la hisa la Nairobi. Mwenye kusoma mizania huona mali na madeni. Mwenye kuielewa huona watu waliosahauliwa.

Mwezi wa Machi 2007 huduma ya M-Pesa ilianza, nayo ikaleta kazi ambayo hakuna mwalimu aliyeweza kuwaagulia wanafunzi wake. Wakala wa M-Pesa ana fedha za aina mbili, taslimu sandukuni na fedha zilizo katika simu. Mteja akiweka fedha, taslimu huongezeka na za simu hupungua. Akitoa, huwa kinyume chake. Asiyejua kuzilinganisha hufunga dukani saa nne asubuhi. Kazi hiyo yaonekana mpya kabisa, lakini Pacioli angeitambua mara moja: kila jambo lina pande mbili, na jioni pande hizo hazina budi kukutana.

Mlango mwingine ulifunguliwa na Katiba ya mwaka 2010, iliyoanzisha serikali za kaunti 47, zilizoanza kazi mwaka 2013. Kila kaunti ina hazina yake, yanunua dawa na saruji, yatoza ushuru wa masoko, na hesabu zake hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu. Wahasibu, maofisa wa ununuzi na ugavi, wapangaji wa bajeti na wakaguzi wa ndani, ambao zamani walitafuta kazi Nairobi, sasa waweza kuzipata Wajir, Lamu au Busia. Naye mwananchi wa huko aweza kumwona kwa macho mtu anayeishika mali yake.

Sasa twaweza kumjibu kijana wetu na wazazi wake. Mwenye elimu ya biashara aweza kuwa mhasibu au mkaguzi wa hesabu. Aweza kufanya kazi katika benki, katika bima, katika chama cha ushirika au katika mamlaka ya kodi. Aweza kuwa mnunuzi wa shirika, msimamizi wa wafanyakazi, mtafutaji wa masoko au mwalimu wa wengine. Aweza pia kuwa muuza duka, kama baba alivyouliza, wala hilo si jambo la kuonea haya, kwani Allidina Visram alianzia huko. Na baada ya miaka 20 atakuwako anayefanya kazi ambayo leo haina jina.

Kwa hiyo, enyi vijana, mchaguapo njia hii, msiulize tu ni kazi gani zipo. Jiulizeni mambo matatu ambayo historia imeyaonyesha kuwa hayabadiliki. Mali nitakayoishika ni ya nani? Nani ataikagua kazi yangu? Na siku nitakapoletewa karatasi isiyo ya kweli, nitatia sahihi? Aliyejibu maswali hayo vizuri atafaa kukabidhiwa daftari, liwe la karatasi au la kompyuta. Yafaa kuyajibu kabla ya kupata cheo, kwa sababu baada ya kukipata mtu huwa na mengi ya kupoteza.